Mwamba Unaotafunwa

Sauti hutangulia. Mgeni anayezamisha kichwa katika maji ya mwambani, asubuhi bahari ikiwa shwari, hutarajia kimya. Badala yake husikia mtu anatafuna. Kru, kru. Kimya kidogo. Kru. Hugeuka huku na huku asione kitu, mpaka macho yauzoee mwanga wa chini, ndipo amwone: samaki mpana wa mwili, kijani iliyoingiliana na buluu, kila gamba limepakwa waridi pembeni, ameinamia jiwe analiuma. Akiuma hubaki michirizi myeupe pale mdomo ulipopita. Huhamia jiwe jingine, akauma tena. Baada ya kitambo huyaacha mawe, hujiinua kidogo kama mwenye shughuli nyingine, na nyuma yake hutoka wingu jeupe linaloshuka taratibu hadi chini. Huyo ni pono, na wingu lile ni mchanga.

Sisi wa pwani pono tunamjua kwa mambo mawili, usingizi na kikaango. Mtu aliyelala hata jogoo, adhana na mlango unaogongwa visimwamshe, huyo amelala usingizi wa pono. Na sokoni pono ni samaki wa watu: nyama yake nyeupe, laini, haivumilii kukaa, inataka kupikwa siku ileile, iwe ya kukaanga au ya mchuzi wa nazi. Hayo mawili yanatosha kumpa samaki jina zuri mjini. Lakini yote ni ya pono aliyetulia, mmoja kwa kulala, mwingine kwa kufa. Pono wa mchana, pono aliye kazini, ni wavuvi na wazamiaji tu wanaomfahamu, na ndiye ninayetaka kukaa naye hapa.

Tuanze na mdomo, maana kila kitu kwa pono kinaanzia hapo. Wazungu walimwita samaki kasuku kwa sababu ya mdomo huo, na kwa mbali wamepatia. Ukimshika mkononi lakini utaona si mdomo wa ndege. Ni meno. Ni mamia ya meno madogo yaliyosongamana na kushikana mpaka yakawa kipande kimoja juu na kipande kimoja chini. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichunguza meno ya pono wa jamii ya Chlorurus kwa mionzi, wakakuta karibu meno elfu moja katika safu kama kumi na tano. Ya mbele yanapolika kwa kazi, ya nyuma yanasogea kuchukua nafasi. Ndani ya kila jino mna nyuzi nyembamba za fuwele, zenye kalisi, fosforasi na florini, zimesukwa kwa kupishana, na kadiri zinavyokaribia ncha ndivyo zinavyozidi kuwa nyembamba na ngumu. Katika vitu vigumu vilivyowahi kupimwa ndani ya miili ya viumbe, ncha ya jino la pono imo katika orodha ya mbele.

Huo ni mlango tu. Kooni kuna mashine nyingine: mifupa iliyojaa meno, mmoja juu mwingine chini, inayosagana. Jiwe lililong'olewa na mdomo linafika pale likiwa vipande, linatoka likiwa unga. Kutoka hapo linaingia moja kwa moja katika utumbo, kwa sababu pono hana mfuko wa tumbo la chakula kama tulio nao sisi, wala ile asidi inayochemka ndani yake. Samaki mwenye asidi tumboni angekula chokaa yote hiyo akaumia, maana asidi na chokaa haziketi pamoja. Yeye amelimaliza tatizo kwa kutokuwa na tumbo. Watu husema mlafi anaendeshwa na tumbo lake. Huyu anayetafuna mchana kutwa, kutoka macheo hadi machweo, hana hata hilo la kumwendesha.

Anatafuta nini basi katika jiwe? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jepesi: anakula mwani unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa, na jiwe linamfuata kinywani kwa bahati mbaya. Jibu hilo sasa limetikisika. Mwaka 2017 kundi la wanasayansi wakiongozwa na Kendall Clements wa New Zealand lilikusanya ushahidi kwamba pono wengi hawajali sana mwani wenyewe. Wanachokiwinda ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, hasa vile vya kijani-buluu vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ambavyo huishi juu ya jiwe, na vingine hutoboa na kuishi ndani yake. Vina protini nyingi kuliko mwani. Ukiutazama ulaji wake kwa njia hiyo, kuuma jiwe si uzembe wa mlaji asiyejua kuchagua. Chakula kimo ndani ya jiwe, na asiye na meno ya namna ile hakipati. Nakiri kwamba maelezo haya yananipendeza zaidi kuliko yale ya zamani, ingawa kupendeza si hoja. Pono wa maelezo ya zamani alikuwa mbuzi wa baharini. Huyu wa sasa ni mchimba madini.

Na anachimba kweli. Katika miamba ya Great Barrier huko Australia, David Bellwood alihesabu miumo na kupima majeraha yaliyobaki katika mawe, akapata kwamba pono mmoja mkubwa wa jamii ya Chlorurus anaweza kung'oa karibu tani moja ya mwamba kwa mwaka. Binamu yake mdogo, asiyezidi kiganja na nusu cha mtu mzima, hung'oa kilo ishirini na kitu. Halafu kuna yule mkubwa kuliko wote, mwenye nundu kipajini, Bolbometopon, anayefika urefu wa mita 1.3 na uzito wa zaidi ya kilo 40. Huyo peke yake hupitisha kooni zaidi ya tani tano kwa mwaka, na karibu nusu ya anachokula ni matumbawe yaliyo hai. Madume wake hugongana vichwa kwa vichwa kama mafahali. Tabia hiyo ilirekodiwa katika kisiwa cha Wake, bahari ya Pasifiki, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2012, na wanaosikia mgongano huo wanausikia kutoka mbali. Makazi yake yanaanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi Pasifiki, lakini kwetu kumwona ni bahati ya wachache.

Yote hayo yanatoka upande wa pili yakiwa mchanga. Huko Maldivi, katika kisiwa cha Vakkaru, Chris Perry wa Uingereza na wenzake walifanya hesabu ya mchanga mpya unaozaliwa kuzunguka kisiwa: nani anautengeneza, na kiasi gani. Taarifa yao ya mwaka 2015 ilisema zaidi ya asilimia 85 unatoka kwa pono. Aina ya mwani wenye chokaa unaoitwa Halimeda unafuata kwa mbali sana. Tafakari maana yake. Visiwa vya Maldivi havina mlima wala mto wa kuleta udongo. Watu wamejenga nyumba, misikiti, shule na viwanja vya ndege juu ya chembe ambazo nyingi zilipita katika koo la samaki.

Kwetu mambo yamechanganyika zaidi, na si vizuri kumpa pono sifa ya kila ufuo. Anayetembea Malindi karibu na mdomo wa Sabaki anakanyaga udongo wa bara: mto unashuka na wekundu wa mashamba ya huko juu, na ufuo unachukua rangi hiyo. Lakini shuka kidogo hadi Watamu, au nenda Diani, au vuka hadi Paje upande wa mashariki wa Unguja, mahali ambapo mwamba umeziba mbele na mito mikubwa haipo, uchukue mchanga mweupe kiganjani. Humo mna vipande vya kombe, mna makaka ya vijidudu, mna Halimeda, na mna unga wa matumbawe uliosagwa na meno. Kwa uwiano gani, hilo linabadilika hatua kwa hatua. Mtalii aliyelipa pesa nyingi alale juu yake hahitaji kuambiwa, na nimewahi kuona mtu akiambiwa: aliinuka haraka, akajipangusa.

Hata mawe tunayosimamia ni ya ukoo huohuo. Pwani ya Kenya kwa sehemu kubwa ni mwamba wa kale uliojengwa baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka mwamba ukabaki nchi kavu, ukaota vichaka, ukachimbwa visima. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 waliuchonga mwamba huohuo. Kabla yao wenyeji walikwisha kuyajua mawe ya aina mbili: haya magumu ya nchi kavu kwa kuta, na matumbawe laini yaliyotolewa baharini yangali na maji, yanayokatika vizuri kwa nakshi. Kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani, chenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya miladi, kimechongwa katika matumbawe. Chokaa ya kuyashikamanisha mawe nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Kwa hiyo mji wa mawe wote, ukuta, nakshi na lipu, umetoka mwambani. Pono hakuwa peke yake aliyekula mwamba. Sisi tulikuwa wa pili, na tulikuwa na moto.

Jambo ninalotaka kulisema ni gumu kidogo, kwa sababu masikio yetu yamezoea hadithi za mjenzi na mharibifu. Matumbawe hujenga, pono hubomoa. Basi pono ni adui. Ndivyo akili inavyotaka kuhitimisha. Au kinyume chake, kama vijitabu vya hifadhi vinavyopenda kuandika: pono ni mfagiaji wa mwamba, daktari wake, mlinzi wake. Zote mbili zinamfanya mtumishi wa hadithi yetu. Mwamba si nyumba iliyokamilika ambayo mtu akiigusa ameibomoa. Ni mapato na matumizi ya kila siku: hapa panaongezwa, pale panapunguzwa, na kinachoonekana kwa jicho ni baki. Mwamba usiotafunwa hauzidi kunenepa. Unafunikwa.

Watu wa Karibi walilijua hilo kwa gharama. Mwaka 1983 ugonjwa ulianzia upande wa Panama ukawaua karibu wote wale wanyama weusi wenye miiba mirefu ambao mvuvi wa kwetu akimkanyaga mmoja analala na mguu uliovimba. Wao ndio waliokuwa wakiula mwani wa Karibi. Walipoondoka kazi ikabaki kwa pono, na mahali ambapo pono walikuwa wamekwisha vuliwa mwani ulipanda juu ya matumbawe ukayakosesha nafasi ya kuota upya. Baadaye Katie Cramer na wenzake walitoboa sakafu ya bahari huko Bocas del Toro, Panama, wakatoa nguzo za mchanga na vifusi vilivyorundikana kwa miaka 3,000. Ndani yake wakahesabu meno ya pono. Kila palipokuwa na meno mengi, mwamba ulikuwa umekua haraka zaidi. Yalipopungua, mwamba ulizorota. Pono walitangulia, mwamba ukafuata. Meno yao magumu, yaliyokataa kuoza, ndiyo yaliyobaki kutoa ushahidi.

Ila msimamo huo nao usichukuliwe mpaka mwisho wake. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto ambalo wavuvi wazee bado wanalizungumza. Matumbawe yakageuka meupe na sehemu kubwa yakafa, kuanzia kwetu hadi Maldivi. Mwaka 2016 joto likarudi. Unadhani pono walikonda? Katika visiwa vya Chagos na katika Great Barrier, Brett Taylor na wenzake waliona kinyume: mahali palipoungua zaidi pono waliongezeka mara mbili hadi mara nane, na walikua wakubwa kuliko kawaida. Jiwe jipya lililokufa ni shamba jipya la vijidudu. Msiba wa matumbawe ulikuwa karamu yao. Na huko kusini mwa Maldivi, baada ya joto hilohilo la 2016, watafiti waliopiga hesabu ya mapato na matumizi walikuta miamba iliyokuwa ikikua imegeuka kuwa ya kupungua, na sababu mojawapo ilikuwa ni pono, waliokuwa wakiuma kwa bidii zaidi jiwe lisiloongezwa tena na mtu.

Ndiyo maana simwamini anayemsifu pono kwa faida yake. Faida hiyo ni ya kweli mwamba ukiwa hai. Mwamba ukifa, meno yaleyale yanamalizia. Pono hakubadilika. Alikuwa anakula, na anaendelea kula. Kilichobadilika ni upande wa mapato, na upande huo si yeye anayeushika. Ukihitaji kumpenda samaki kwa sababu anakufanyia kazi, siku atakapoacha kukufanyia utamchukia bure.

Mimi ninampenda kwa rangi, na sioni haya. Hapa wataalamu nao walipotea kwa muda mrefu. Ndani ya aina moja ya pono, mtoto ana rangi yake, jike ana yake, dume mkuu ana yake, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba kila mmoja aliwahi kupewa jina lake la kisayansi kana kwamba ni samaki mwingine. Majina yalizidi mia tatu. Leo aina zinazokubalika ni kama mia moja. Aliyeanza kuyaandika ya upande wetu wa dunia ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyekwenda Arabuni na msafara wa mfalme wa Denmark. Aliwauliza wavuvi wa Bahari ya Shamu majina ya samaki wao, akayaandika kama alivyoyasikia: ghobban, harid. Homa ilimuua Yemeni mwaka 1763 akiwa na umri wa miaka thelathini na moja, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara ule aliyerudi hai. Majina yale ya wavuvi yangali katika vitabu vya sayansi hadi leo. Na harid wenyewe wangali wakija: katika visiwa vya Farasan vya Saudia, kila mwaka majira ya kuchipua, makundi yao huingia ghuba ya maji mafupi kwa wingi wa ajabu, na watu hukimbilia majini na nyavu za mkono katika sherehe yenye jina la samaki huyo.

Rudi kwa yule wa mwanzo, mwenye waridi pembeni mwa magamba. Chlorurus sordidus ndilo jina lake, naye ni wa kawaida katika miamba yetu. Alipokuwa mdogo alikuwa na mistari. Alipokomaa alikuwa wa kahawia nzito, pengine na vidoa vyeupe ubavuni, na alikuwa jike; alitaga. Baadaye, dume aliyemiliki eneo alipotoweka, jike mkubwa alianza kubadilika ndani na nje, akawa dume mwenye kijani, buluu na waridi, akashika eneo. Si wote wanaopita njia hiyo. Wako wanaozaliwa madume na kubaki na mavazi ya majike. Huzurura pembezoni, na dume mkuu anapopanda juu na jike ili mayai na mbegu vikutane katika maji, hao huchomoka ghafla na kuongeza za kwao. Kwa hiyo ukiona kundi la pono wa kahawia usiapie kwamba ni majike. Ukiona wa buluu, kwa aina hii, ni haki kudhani kwamba wengi wao waliwahi kuwa mama.

Usiku rangi zote hazina maana. Jua likizama pono huingia katika mianya ya mwamba. Hana kope, hivyo hulala macho wazi. Aina kadhaa, akiwamo huyu wetu, hufanya jambo ambalo hakuna samaki wengi wanaolifanya: kutoka kwenye tezi kubwa zilizo ndani ya mashavu hutoa ute unaoenea kwa mdomo na kuufunika mwili wote, ukawa kifuko kinachoonyesha ndani, na yeye katikati. Kukikamilisha kunaweza kuchukua saa nzima. Howard Winn alikieleza kifuko hicho katikati ya miaka ya 1950, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kazi yake ni kuificha harufu ya samaki isimfikie mkunga anayewinda usiku. Huenda ni kweli. Lakini mwaka 2011 Alexandra Grutter na wenzake, katika kituo cha Lizard Island huko Australia, walijaribu dhana nyingine. Kuna wadudu wadogo wa baharini wanaotoka usiku kunyonya damu ya samaki. Watafiti waliwaweka pono waliolala pamoja na wadudu hao, wengine na vifuko vyao, wengine wakiwa wametolewa ndani yake kwa kusukumwa taratibu. Waliobaki wazi, zaidi ya asilimia 90 walishambuliwa. Waliokuwa ndani ya ute, asilimia 10. Wenyewe wakakiita kifuko hicho chandarua, na hapo mtu wa pwani hahitaji maelezo ya ziada: anajua ni nini kulala sehemu yenye mbu, na anajua thamani ya kitambaa chepesi. Gharama yake kwa pono ni ndogo, yapata asilimia 2.5 ya nguvu anazotumia kwa siku.

Kinachonifurahisha katika utafiti ule ni kwamba wale pono waliotolewa chandaruani hawakuamka. Mtu akatia mkono, akamsukuma samaki nje ya kitanda chake, na samaki akaendelea kulala. Wahenga wetu hawakuwa na maabara.

Usingizi huo una gharama kubwa kuliko wadudu. Katika visiwa vya Solomon tochi za kuzamia zilipoanza kupatikana miaka ya 1970, wazamiaji walianza kwenda usiku na mikuki kwa yule pono wa nundu, ambaye hulala kwa makundi mahali palepale. Mchana hakaribiki. Usiku unamchagua. Kwetu kazi kubwa hufanywa na dema na nyavu. Dema lililosukwa kwa fito, likatiwa chambo cha mwani na kuzamishwa kwenye majani ya bahari, linamkamata pono kwa urahisi, pamoja na tasi na changu. Mwenye dema si mharibifu. Dema linakaa, linasubiri, halipasui kitu. Siwezi kusema hivyo kwa juya linalokokotwa juu ya matumbawe, wala kwa baruti, inayoua samaki na mwamba kwa mshindo mmoja. Huku Kenya yamewahi kufanyiwa majaribio madema yenye mwanya mwembamba pembeni ili wadogo wapite. Ni wazo zuri. Mvuvi anayeliona wazo hilo kwa mara ya kwanza huuliza wale wadogo anaowaachia leo watakamatwa na nani kesho, na swali lake halijibiwi kwa wimbo wa hifadhi. Linajibika pale tu wavuvi wote wa bandari wanapokubaliana, kama walivyofanya watu wa Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, waliojifungia wenyewe sehemu ya bahari yao mwaka 2005 wakaiita tengefu.

Wengine wamechukua njia fupi. Bermuda ilipiga marufuku mitego ya dema mwaka 1990. Belize ilikataza kabisa kuvua pono mwaka 2009. Kwa nchi ambayo pono si kitoweo cha maskini, sheria kama hiyo inaandikwa asubuhi na kutiwa sahihi jioni. Kwetu ingekuwa sheria ya kumnyang'anya mtu sahani, na ninadhani haitaandikwa, wala sitaki iandikwe. Lakini pono mkubwa wa buluu ndiye anayeonekana kwanza, ndiye anayelengwa kwanza, na kila anapotolewa jike mwingine anaacha kutaga ili achukue nafasi yake. Hapo marufuku haihitajiki ili mtu aone hesabu inakwenda wapi.

Na wakati huo huo soko halikosi pono. Nenda bandari yoyote ya kusini ya Kenya madema yanaporudi, utawakuta wamelundikwa. Wengi wao ni aina moja, Leptoscarus vaigiensis, wa kijani na kahawia iliyochafuka, dume akiwa na vidoa vya buluu na ufito mweupe ubavuni. Huyu si wa mwambani. Anaishi katika majani ya bahari na kuyala hayo majani na mwani ulioko humo. Aliyezaliwa jike anakufa jike, aliyezaliwa dume anakufa dume. Mnunuzi anaomba pono, anapewa pono, na hakuna aliyedanganywa: ladha ni nzuri, bei inavumilika. Mama akimpasua nyumbani atakuta utumbo umejaa kijani tupu, bila chembe ya chokaa.